Mionzi ya Kutibu Saratani: Nani Huipima, na kwa Chombo Gani?

Leo nataka tuanzie jikoni kwako.

Mtoto ana homa. Kliniki umepewa chupa ya dawa ya maji, na sista amekwambia, "Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku." Unapofika nyumbani, kile kijiko cha plastiki kilichokuja na dawa hakionekani. Utachukua kijiko cha chai? Au kile kikubwa cha kupakulia mchuzi? Wewe mwenyewe unajua kwamba vijiko hivyo havibebi sawa. Dawa ni ileile na mtoto ni yuleyule, lakini ukikosea kijiko, unaweza kumpa mara tatu ya dozi yake.

Sasa fikiria dawa isiyoonekana. Haina rangi, haina harufu, na inapoingia mwilini mgonjwa hasikii kitu. Dawa hiyo ni mionzi, ile inayotumiwa kutibu saratani. Labda mama yako, dada yako au mtoto wako ameandikiwa matibabu hayo, na watu mtaani wanasema, "Anakwenda kuchomwa." Umekaa kwenye benchi nje ya mlango mzito, umeshika kitambulisho na kadi ya hospitali, na unajiuliza: je, wanajuaje wamempa kiasi gani? Dawa hii nayo ina kijiko chake?

Ndiyo, mama, kijiko kipo. Lakini kilichukua miaka mingi kupatikana, na kuna watu walioumia njiani. Leo nitakusimulia habari zake, kwa sababu ukizijua utaweza kuuliza maswali yanayofaa bila woga.

WALIPOPIMA KWA NGOZI

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mtaalamu Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa ya vidole ilionekana wazi, na pete ya ndoa juu yake. Habari zikaenea upesi sana. Mwaka wa 1896 haukumalizika kabla ya madaktari kuanza kujaribu mionzi hiyo kwa wagonjwa wa saratani.

Siku hizo hapakuwa na kijiko chochote. Walipima kwa ngozi. Ngozi ya mgonjwa ikigeuka nyekundu, daktari alisema dozi imetosha. Shida ni kwamba wekundu hauji papo hapo. Huja baada ya siku kadhaa, dozi ikiwa imeshaingia. Tena ngozi za watu hazifanani. Wengi waliofanya kazi na mashine hizo waliweka mikono yao wenyewe mbele ya mionzi kila asubuhi ili waone kama mashine ina nguvu. Wakapata vidonda visivyopona, na wengine wakakatwa vidole. Huko Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, alikatwa mikono yote miwili kwa sababu ya saratani iliyoletwa na mionzi. Alifariki mwaka wa 1904.

Mwaka huohuo, jijini Paris, daktari wa ngozi Raymond Sabouraud na mwenzake Noiré walitumia kidonge kidogo kinachobadilika rangi kikipigwa na mionzi. Walikiweka karibu na mashine, na rangi yake ilipofanana na rangi ya kadi waliyokuwa nayo, mashine ilizimwa. Wagonjwa wao wengi walikuwa watoto wenye mapunye kichwani. Lengo lilikuwa nywele zidondoke bila ngozi kuungua, na kidonge kilisaidia sana.

Lakini hapa kuna somo la kwanza. Kupima vizuri hakutoshi kama hujui dozi hiyo itafanya nini baada ya miaka mingi. Miongo mingi baadaye, uchunguzi ulionyesha kwamba watoto waliotibiwa mapunye kwa mionzi walipata uvimbe wa kichwani na wa shingoni zaidi ya wenzao. Siku hizi mapunye hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Mionzi imebakizwa kwa magonjwa mazito, ambayo hatari yake ni kubwa kuliko hatari ya mionzi yenyewe.

KICHUPA CHENYE HEWA

Mwaka wa 1928 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Stockholm, Sweden, wakakubaliana kutumia kipimo kimoja. Kipimo hicho kilitegemea hewa. Mionzi ikipita katika hewa, huipa hewa hiyo umeme kidogo sana. Ukiukusanya umeme huo na kuuhesabu, unajua mionzi iliyopita ni kiasi gani.

Chombo chenyewe ni kama kichupa kidogo chenye hewa ndani na waya katikati. Mpaka leo hospitali hutumia vichupa vya namna hiyo. Tafadhali kikumbuke kichupa hiki, kwa maana tutakirudia.

Baadaye mtaalamu Mwingereza, Louis Harold Gray, aliwafanya wenzake watazame jambo moja zaidi: muhimu si mionzi inayopita hewani, bali nguvu inayobaki ndani ya mwili wa mgonjwa. Mwaka wa 1975 kipimo cha dozi kikapewa jina lake. Ndiyo maana ukisoma karatasi za hospitali utaona neno grei. Mgonjwa wa saratani mara nyingi hupewa grei 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa majuma kadhaa.

HARAKA HARAKA HAINA BARAKA

Sasa twende Kanada, katika mji wa Saskatoon. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1951, hospitali ya chuo kikuu ililetewa mashine mpya ya kobalti. Ilikuwa na nguvu kuliko mashine nyingi za eksirei za wakati ule, na wagonjwa walikuwepo wakingoja. Ingekuwa rahisi kuanza kesho yake.

Mkuu wa kazi hiyo, Harold Johns, hakuanza. Yeye na wanafunzi wake walikaa majuma mengi wakipima. Mmoja wao alikuwa msichana aliyeitwa Sylvia Fedoruk. Walipima mionzi juu ya maji, ndani ya maji, katikati ya mwali na pembeni mwake. Walitumia maji kwa sababu mwili wa binadamu, kwa mionzi, unafanana sana na maji. Ukijua dozi katika maji sentimita 5 chini, unaweza kukadiria dozi kwenye uvimbe ulio sentimita 5 chini ya ngozi.

Tarehe 8 Novemba 1951 ndipo walipomtibu mgonjwa wao wa kwanza. Alikuwa mama wa watoto 4, mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Mama huyo alipona, akaishi zaidi ya miaka 40 baada ya hapo. Vipimo vya Saskatoon vilichapishwa na kutumiwa na hospitali za nchi nyingine. Sylvia Fedoruk naye alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka wa 1988 akawa mwanamke wa kwanza kuwa luteni gavana wa jimbo lake la Saskatchewan.

Mashine za kobalti zilienea duniani kote. Hapa kwetu, ndizo zilizowahudumia wagonjwa wengi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

MWALI MWEMBAMBA KAMA PUNJE YA MTAMA

Miali ya mashine hizo ilikuwa mipana. Mwali wa kawaida ungeweza kufunika eneo la ukubwa wa kiganja chako. Kwa saratani nyingi hilo linafaa. Lakini vipi uvimbe mdogo kama harage ulio katikati ya ubongo? Ukitumia mwali mpana, unapiga uvimbe pamoja na sehemu nzuri za ubongo zilizo kando yake.

Daktari wa upasuaji wa Sweden, Lars Leksell, aliliwazia jambo hili tangu mwaka wa 1951. Mwaka wa 1968, Stockholm, mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mashine yake. Ndani yake mlikuwa na vipande 179 vya kobalti vilivyopangwa kuzunguka kichwa, na kila kimoja kilitoa mwali wake mwembamba. Miali yote ilikutana mahali pamoja.

Fikiria watoto wengi usiku wa giza, kila mmoja na tochi ndogo, wote wakimulika shimo moja kwenye ukuta. Tochi moja ni hafifu, lakini pale zinapokutana panang'aa. Ndivyo miali inavyopita ubongoni bila kuuharibu sana, kisha inakusanya nguvu kwenye uvimbe. Katika mashine zilizofuata, mwali mwembamba kuliko yote ulikuwa na upana wa milimita 4 tu, kama punje ya mtama.

Matibabu haya yana tofauti moja kubwa na yale ya majuma mengi. Dozi ni kubwa, na mara nyingi hutolewa siku moja tu au siku chache. Katika matibabu ya siku 25, kosa likigunduliwa siku ya pili linaweza kurekebishwa siku zilizobaki. Katika matibabu ya siku moja, hakuna kesho ya kurekebisha. Kwa hiyo kipimo lazima kiwe sahihi kabla mgonjwa hajalala kitandani.

BESENI CHINI YA BATI LINALOVUJA

Hapa ndipo kile kichupa chenye hewa kilipoleta balaa. Turudi nyumbani nikueleze.

Mvua inanyesha, na bati lako lina tundu la msumari. Maji yanadondoka mahali pamoja. Ukiweka beseni pana la kufulia chini yake, baada ya nusu saa utaona maji yamelowesha tako la beseni tu. Utasema, "Ah, panavuja kidogo." Lakini ukiweka kikombe chembamba pale pale, kwa nusu saa ileile kitajaa hadi ukingoni. Maji hayakuongezeka. Ni upana wa chombo uliokudanganya.

Mwali mwembamba ni kama lile tundu, na kichupa kikubwa ni kama beseni. Katikati ya kichupa panapigwa na mwali, lakini kando zake haziguswi. Chombo hakijui hilo. Kinachanganya sehemu iliyopigwa na ile isiyopigwa, kisha kinatoa wastani, nao ni namba ndogo kuliko ukweli. Kuna na sababu ya pili. Mionzi ikiingia mwilini hurusha chembe ndogo sana pande zote. Katika mwali mpana, chembe zinazotoka katikati hulipwa na zile zinazoingia kutoka pembeni. Katika mwali mwembamba zinatoka, lakini hazilipwi. Hewa ya kichupa na maji ya mwilini haziathiriki sawasawa na jambo hilo, kwa hiyo hesabu za mwali mpana hazifai tena.

Matokeo yake ni nini? Mtaalamu anasoma namba ndogo, anaamini mashine ni dhaifu, basi anaiacha iwake muda mrefu zaidi. Mgonjwa anapata dozi kubwa kuliko aliyoandikiwa.

Haya si maneno ya kukisia. Yalitokea Ufaransa, katika hospitali ya Rangueil mjini Toulouse. Kati ya Aprili 2006 na Aprili 2007, wagonjwa 145 kati ya 172 waliotibiwa kwa miali myembamba walipewa dozi kupita kiasi. Mashine haikuwa na ubovu. Kosa lilikuwa katika vipimo vya mwanzo: kwa miali midogo kabisa, kilitumiwa chombo kikubwa kuliko kilichofaa. Wengine kati ya wagonjwa hao hawakuwa hata na saratani. Walikuwa na uvimbe usio wa saratani au kasoro za mishipa ya damu kichwani. Kosa liligunduliwa pale waliotengeneza mashine walipolinganisha namba za hospitali hiyo na za hospitali nyingine, wakaona hazifanani.

Jambo kama hilo lilitokea pia Marekani, katika hospitali moja ya mji wa Springfield, jimbo la Missouri. Mashine ilipimwa mwaka wa 2004 kwa chombo kisichofaa. Kwa miaka 5 hakuna aliyetambua. Mwaka wa 2009 mtaalamu mwingine wa hospitali hiyo alipopata mafunzo kuhusu mashine hiyo, ndipo alipoona namba haziendi sawa. Mwaka wa 2010 hospitali ilitangaza kwamba wagonjwa 76 kati ya 152 walipewa dozi iliyozidi kwa karibu nusu.

Hebu fikiri, mama. Kila asubuhi mashine iliwashwa na kukaguliwa. Kila asubuhi ilitoa namba zilezile za jana. Kwa kuwa namba hazikubadilika, kila mtu aliziamini. Lakini beseni ukilitumia kila siku, kila siku litakupa jibu lilelile lisilo sahihi. Kosa la namna hii haliwezi kuonekana na yule aliyelifanya akiwa peke yake. Linaonekana pale mtu wa pili anapopima kwa chombo kingine.

JICHO LA PILI

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Wataalamu wamejitahidi wasirudie.

Tangu mwaka wa 1969, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki pamoja na Shirika la Afya Duniani wamekuwa wakizitumia hospitali vidude vidogo kwa njia ya posta. Hospitali huviweka chini ya mashine yake, huvipiga kwa dozi ambayo inaamini ni grei 2, kisha huvirudisha. Huko vinasomwa na watu ambao hawajaiona mashine hiyo. Kama hospitali imesema 2 na kidude kinasema 3, simu inapigwa upesi.

Kisha mwaka wa 2017, Shirika hilo la Nishati ya Atomiki likishirikiana na chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, lilitoa mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa kupima miali midogo. Kwa ufupi mwongozo unasema hivi: chombo kiwe kidogo kulingana na mwali. Vipo vyombo vilivyotengenezwa kwa kipande kidogo sana cha almasi, na vingine kwa silikoni, madini yale yale yanayotumiwa kwenye redio na simu yako. Kila chombo kina kasoro yake, na kasoro hiyo isahihishwe kwa namba zilizochunguzwa. Tena mtaalamu asitegemee chombo kimoja. Apime kwa viwili au zaidi, aone kama vinakubaliana.

Jambo hili linatuhusu hata sisi. Katika miaka ya 2020, Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Nairobi, iliweka mashine inayotumia miali myembamba ya namna hii. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ambalo wengi tunalijua kwa alama yake kwenye unga na sabuni, lina maabara ya kulinganisha vyombo vya kupimia mionzi. Na hospitali haziruhusiwi kutumia mionzi bila leseni ya serikali.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, usimtoroshe mgonjwa wako kwa sababu ya habari hizi. Saratani isiyotibiwa haina huruma, na watu wengi sana wametibiwa kwa mionzi wakarudi kulea watoto wao. Tena ukianza matibabu ya majuma mengi, usiruke siku bila kumwambia daktari, kwa sababu saratani hupata nafasi ya kukua tena.

Pili, uliza. Una haki ya kuuliza, na huhitaji Kiingereza kigumu. Uliza hivi:

Mgonjwa wangu atapewa dozi gani, na kwa siku ngapi?

Je, mashine hii hukaguliwa na watu wa nje ya hospitali? Mara ya mwisho ilikuwa lini?

Hapa kuna mwanafizikia wa tiba, yule anayepima mionzi? Na kuna mwenzake anayezirudia hesabu zake?

Daktari mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba unajali.

Tatu, msaidie mgonjwa akae tuli. Kwa mwali mwembamba kama punje ya mtama, kichwa kikisogea kidogo tu, mwali unakosa shabaha. Ndiyo sababu mgonjwa hufungwa kinyago au fremu. Mtoto ataogopa. Mweleze mapema, chezeni mchezo wa kukaa kama sanamu nyumbani, na umwambie utakuwa nje ya mlango ukimngoja.

Nne, mkumbatie anapotoka. Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine inayotoa mionzi kutoka nje ya mwili habaki na mionzi ndani yake. Hawezi kukuambukiza wewe wala watoto.

Tano, ukiona jambo lisilo la kawaida baada ya matibabu, kama vile uso kufa ganzi, kuona vitu viwili viwili, kutapika kusikoisha au vidonda vya ngozi vilivyozidi yale mliyoelezwa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe iliyo kwenye kadi.

Haya basi, mama. Ukikaa tena kwenye lile benchi nje ya mlango mzito, ujue kwamba kabla ya mgonjwa wako kuingia, kuna mtu aliyetangulia na maji na chombo chake kidogo, akapima, na mwingine akaja kupima nyuma yake. Uliza kama wamekuja. Na leo jioni, kabla ya kumpa mtoto dawa, kitafute kile kijiko cha plastiki.